Kadi ilisema 100, figo zikapewa 40: kisa cha dada yangu na limiti ya bima

Nianze na namba kabla ya hadithi, maana ukishazielewa namba kisa chote utakifuata bila shida. Sitataja sarafu. Limiti ya kulazwa, yaani kiasi cha juu ambacho bima italipa, iliyoandikwa kwenye kadi ya dada yangu kwa mwaka mzima nimeiita 100, na kila gharama nitaipima kwa hiyo 100. Bima yenyewe ni ya kazini, ya kikundi, na limiti ilikuwa ya kwake peke yake, haigawani na mumewe wala watoto. Kampuni ya bima na hospitali sitazitaja, sio lengo langu, na isitoshe mkataba wa namna hii unaweza kuukuta kwa kampuni yoyote.

Dada alikuwa na presha miaka kama miwili hivi kabla figo hazijafeli. Alikuwa anajua, ana vidonge, ila bima ya wagonjwa wa nje ilikuwa ndogo sana na wanae wawili wa kifua cha mara kwa mara, kwahiyo akawa anajibana, anasema hizo pesa za kliniki ni za watoto, mimi naendelea na dawa zilezile. Vidonge vikiisha anakaa wiki mbili tatu hajanunua. Kipimo cha kreatinini (taka ambayo figo nzima huichuja), cha damu tu kidogo, na kile cha mkojo cha kuangalia protini, hajawahi kufanyiwa hata kimoja. Presha na kisukari ndo vinavyoongoza kuua figo na figo zinakufa kimyakimya, mtu anaweza kupoteza sehemu kubwa ya kazi ya figo bado anaenda kazini anacheka na watu.

Hapa nisimame kidogo. Kule Marekani kuanzia 1974 hadi 1982 taasisi ya RAND iligawa familia kwenye mipango tofauti ya bima, wengine wanatibiwa bure wengine wanachangia, wakawafuatilia miaka. Waliokuwa wanachangia walienda hospitali mara chache zaidi, lakini walipunguza yote, ya lazima na yasiyo ya lazima, hawakuweza kuchagua vizuri. Na kwa maskini wenye presha, waliotibiwa bure presha yao ilidhibitiwa vizuri zaidi. Niliposoma hilo nilimuona dada yangu kabisa. Limiti ndogo ya kliniki ilimfanya ajibane kwenye kitu cha bei ndogo, akaja kuangukia kwenye kitu ambacho hakuna familia ya kawaida inaweza kukibeba.

Wiki ya 8 ya mwaka wa bima (nitahesabu kwa wiki za mkataba, sio za kalenda) akazidiwa usiku. Anatapika, pumzi inakata, miguu imevimba. Shemeji akamkimbiza dharura, potasiamu iko juu kiasi moyo unaweza kusimama, wakampeleka moja kwa moja chumba cha mahututi, wakamuwekea mpira wa shingoni na kuanza kumsafisha damu kwa mashine (dialysis) usikuusiku. Bima ikatoa barua ya dhamana, ya kuiambia hospitali kwamba italipa, ndani ya masaa machache, na kwenye hilo nawashukuru kwa moyo wote, bila ile barua sidhani kama tungekuwa naye leo. Siku ya 4 ndo wakampiga picha ya ultrasaundi wakakuta figo zimesinyaa zote mbili, ikimaanisha ugonjwa ni wa siku nyingi. Alilazwa siku 9. Bili: 16.

Sisi nyumbani tukapiga hesabu ya haraka, 100 toa 16 imebaki 84, tukashusha pumzi. Kusafisha damu ni mara 3 kwa wiki, masaa kama 4 kila kipindi, vipindi 156 kwa mwaka. Kipindi kimoja kwao kilikuwa 0.4, kwahiyo kwa wiki ni 1.2, weka na sindano za kuongeza damu na vipimo ikafika 1.4 kwa wiki. 84 kwa 1.4 ni wiki 60, yaani mwaka unaisha na chenji inabaki. Nilimwambia dada kwa mdomo wangu kwamba pesa ipo, wewe shughulika kupona. Hilo neno nimelijutia.

Kwenye mkataba, ukurasa wa 11, kuna jedwali dogo. Lina mistari ya uzazi, meno, macho, na mstari mmoja umeandikwa "magonjwa sugu na yaliyokuwepo kabla: hadi 40, ndani ya limiti kuu". Maneno "ndani ya limiti kuu" ndo yenye shida yote. Maana yake sio kwamba una 100 halafu unaongezewa 40 ya magonjwa sugu. Maana yake ni kwamba kwenye ile 100 yako ugonjwa sugu unaruhusiwa kula 40 tu, na 60 iliyobaki inangoja ugonjwa mwingine, mguu uvunjike, upasuliwe kidole tumbo, upate nimonia. Na figo zikishaandikwa sugu, kila kinachotokana na figo kinaenda kwenye kapu hilohilo la 40.

Kwahiyo hesabu halisi ilikuwa hivi. 40, toa 16 za kulazwa zilizobebwa zote kwenye kapu la ugonjwa sugu, ikabaki 24. Wiki ya 12 akafanyiwa upasuaji mdogo wa mkononi wa kuunganisha mshipa, ile fistula, maana mpira wa shingoni unaleta maambukizi ukikaa sana, hiyo ni 3. Ikabaki 21. 21 kwa 1.4 ni wiki 15. Kuanzia wiki ya 10 hadi ya 24, basi.

Hakuna aliyetuambia. Wiki ya 25 jumatatu dada kaenda kama kawaida, kapimwa uzito, kakaa kwenye kiti, nesi akarudi akasema dada samahani kadi imegoma, nenda kwanza dirisha la bima. Dirishani wakamuonyesha kwenye kompyuta: kapu la ugonjwa sugu, salio 0. Limiti kuu, salio 60. Alinipigia simu akiwa amesimama pale na kilo 3 za maji mwilini, ananiuliza, mdogo wangu, hii 60 ni ya nani sasa?

Zile wiki 28 zilizokuwa zimebaki kumaliza mwaka zilihitaji 39.2, yaani zingeenea ndani ya 60 kabisa na ingebaki 20 na ushee. Pesa ya kumtibu ilikuwepo, kwa jina lake, kwenye kadi yake, imelipiwa, ila ugonjwa wake ndo haukuwa na ruhusa ya kuigusa.

Tulilipa kipindi cha siku ile kwa simu, watu watatu tukachanga. Halafu tukafanya kosa ambalo naomba ulisome polepole kama una mgonjwa wa figo. Dada mwenyewe akasema nitaenda mara 2 kwa wiki tupate kupumua, najisikia vizuri. Daktari hakukubali, alisema kuna wagonjwa ambao figo zao bado zinatoa mkojo wa kutosha ambao mara 2 inawatosha kwa muda, lakini yeye mkojo ulishakuwa kidogo sana. Akaenda mara 2 hivyohivyo, wiki 6, na sisi tukanyamaza kwasababu kila mtu alikuwa anaona mfuko wake. Wiki ya 30 mwishoni akajaa maji kwenye mapafu, anapumua kama mtu anayezama. Kalazwa siku 3, bili 5, yote mfukoni, maana bima wakasema ni matokeo ya ugonjwa sugu na kapu limeisha. Sasa angalia: tuliruka vipindi 6, tukaokoa 2.4. Tukalipa 5, ambayo ni vipindi 12 na nusu. Na hiyo ni hesabu ya pesa tu, moyo wake ulivyofanyishwa kazi wiki zile hakuna anayeweza kuuandikia bili.

Nikiwa nakaa naye wodini ndo nikaanza kusoma mkataba wote, mstari kwa mstari, na kitu kikanishika. Kifungu cha dharura kilisema kulazwa kwa dharura inayotishia maisha kunalipwa kwenye limiti kuu "hadi hali ya mgonjwa itakapotulia", bila kujali chanzo, na ugonjwa ukishathibitishwa kuwa sugu matibabu ya kuendelea yanahamia kwenye kapu lake. Yaani zile siku za kwanza za chumba cha mahututi hazikutakiwa kuingia kwenye 40 hata kidogo! Usiku anaingia hakuna mtu aliyejua ni ugonjwa sugu, karatasi ya dharura ilisema "pumzi kukata, potasiamu juu", figo zilikuja kutajwa kuwa zimesinyaa siku ya 4. Hospitali ilipotuma madai ilituma mara moja tu siku anatoka, ikaweka jina moja la ugonjwa kwa siku zote 9, na mtu wa bima akaingiza zote kapu moja. Sidhani kama kulikuwa na nia mbaya. Ni jina moja lililoandikwa kwenye fomu, lakini lilitugharimu wiki za matibabu.

Tukaandika rufaa. Niseme tulichoambatanisha maana ndo kilichofanya kazi: karatasi ya dharura yenye saa na tarehe, majibu ya maabara ya usiku ule, ripoti ya ultrasaundi yenye tarehe ya siku ya 4, bili iliyochanganuliwa siku kwa siku (hii hospitali hawakutoa mpaka tulipoomba kwa maandishi, mwanzoni walitupa jumla tu), barua fupi ya daktari inayosema lini ugonjwa ulithibitishwa, na nakala ya kifungu chenyewe tumekipigia mstari. Hatukuandika tunateseka, hatukuandika tuoneeni huruma, ingawa ndo tulichokuwa tunakisikia. Tukaandika tarehe na namba. Tukapitishia kwa ofisi ya utumishi kazini kwake pia, kwasababu kwenye bima ya kikundi mteja mkubwa ni mwajiri, sauti yake inafika haraka kuliko ya mgonjwa.

Wiki ya 33 jibu likaja. Kwenye zile 16, 9 zimehamishiwa limiti kuu, kapu la ugonjwa sugu limerudishiwa 9. Ombi la pili, kwamba upasuaji wa fistula uhesabiwe kama upasuaji wa kawaida, wakakataa. Ombi la tatu, watuachie tutumie sehemu ya ile 60, wakakataa.

Kwa maoni yangu, na nimelifikiria sana, kwenye la kwanza walikosea na wakarekebisha. La pili na la tatu mkataba uko upande wao, nisidanganye. Kampuni ya bima inakusanya vya wengi kulipia wachache, na wagonjwa wachache sana ndo wanakula sehemu kubwa ya pesa, ukiondoa makapu yote lazima malipo ya mwaka yapande kwa kila mtu. Kule Marekani sheria ya 2010 ilipiga marufuku limiti za maisha na za mwaka kwenye huduma za msingi, lakini sheria hiyohiyo ilikuja na masharti ya kuwavuta watu wengi waingie kwenye bima, wazima kwa wagonjwa, maana huwezi kufanya moja bila jingine. Kwahiyo silalamiki kwamba limiti ipo. Ninacholalamikia, tena kwa uchungu, ni kwamba namba kubwa imechapishwa kwenye kadi na kusemwa kwenye kikao cha wafanyakazi, na namba ndogo ambayo ndo ungekuja kuishi nayo iko ukurasa wa 11. Na kwamba mashine ya kompyuta inayojua salio hadi senti ya mwisho haikutuma hata ujumbe mmoja wa simu salio lilipobaki wiki 3. Tungekuwa na wiki 3 tungepanga, tungechanga mapema, asingeruka kipindi.

Halafu ikaja bei. Wiki ileile tuliyopata jibu hospitali ikabandika tangazo, kipindi kimetoka 0.4 kwenda 0.44. Asilimia 10, unaweza kuona ndogo. Kwa mtu wa vipindi 13 kwa mwezi ni sawa na kuongezewa bili ya kipindi kimoja na zaidi kila mwezi bila kupata kipindi hicho. Ile 9 iliyorudi, kwa bei mpya, na dawa juu yake, wiki ikawa 1.52, ikatupeleka karibu wiki 6 tu.

Nilimuuliza mhasibu wa pale kwanini, akanijibu vizuri, sio kwa kukwepa. Vichujio, mirija na dawa za mashine vinaagizwa nje, pesa ikishuka thamani vinapanda. Maji yanayosafishwa kwa ajili ya mashine, umeme. Na nesi. Hapa kuna jambo ambalo mchumi William Baumol alilieleza tangu miaka ya 1960: kiwandani mtu mmoja leo anatoa bidhaa nyingi kuliko zamani, mshahara wake unaweza kupanda bila bidhaa kupanda bei. Lakini kipindi cha kusafisha damu ni masaa 4 na nesi mmoja hawezi kuangalia watu 20 kwa wakati mmoja bila mtu kufa, kwahiyo mshahara ukipanda bei inapanda nayo. Hospitali inaweza isiwe na tamaa yoyote na bei bado ikapanda kila mwaka.

Sasa weka hilo kwenye limiti. Niliuliza pale utumishi, limiti ya 100 iliwekwa miaka 6 iliyopita haijaguswa. Kama matibabu yamepanda asilimia 10 kila mwaka, 100 ya wakati ule inanunua leo kitu cha 56. Hata kwa asilimia 7 bei inajirudia mara mbili ndani ya miaka 10. Watu tunagombana bima ikipandisha malipo, ni haki kugombana, ila limiti isipopanda hatuoni kitu, kadi ni ileile, rangi ileile, na bima yako imepungua karibu nusu bila mtu kukata hata herufi.

Kusafisha damu kumebanwa na pesa tangu siku ya kwanza. Willem Kolff alitengeneza mashine yake Uholanzi 1943 katikati ya vita, 1960 Belding Scribner kule Seattle akapata njia ya kuacha mrija mkononi ili mgonjwa asafishwe miaka na miaka, na papo hapo mashine hazikutosha, ikaundwa kamati ya raia wa kawaida kuchagua nani apewe kiti. Mwaka 1972 Marekani ikapitisha sheria serikali ilipie karibu kila mwenye figo zilizokufa bila kujali umri, yaani ugonjwa mmoja ukatolewa kwenye kundi la magonjwa mengine kwasababu hakuna aliyeweza kukaa kwenye ile kamati kwa amani. Nafikiria ile kamati mara nyingi. Kwetu hakukuwa na kamati, kulikuwa na mstari kwenye jedwali.

Mwisho wa mwaka wa bima nikajumlisha tulichotoa mfukoni: wiki 6 za mara mbili mbili, 6. Kulazwa, 5. Wiki za kungoja jibu, 4.2. Wiki ya 40 hadi 52 kwa bei mpya, 19.8. Jumla 35. Shirika la Afya Duniani kwa miaka mingi lilitazama familia ambazo matumizi ya afya yamevuka asilimia 10 au 25 ya matumizi yote ya nyumba, sisi tulivuka 25 mwezi wa kwanza. Shemeji kauza gari. Na siku mwaka unaisha kwenye kadi ya dada kulikuwa na 51 ambazo hazijatumika, zikafutika usiku wa manane.

Safari hii kabla ya kusaini upya tuliuliza maswali kwa maandishi na tukadai majibu kwa maandishi, mimi na ofisi ya utumishi pamoja. Kapu la ugonjwa sugu ni kiasi gani na liko ndani au nje ya limiti kuu. Siku za dharura zinahesabiwa wapi. Bei ya kipindi mliyokubaliana na hospitali ni ngapi na inashikiliwa mpaka lini. Salio likibaki robo mtatuma ujumbe? (Wamekubali hilo, kwa wagonjwa wote wa kikundi, sio dada peke yake.) Na la kupandikiza figo, kwasababu mdogo wetu wa mwisho amejitolea kutoa yake moja na kundi la damu limekubali: gharama inakuwa kubwa kwa mpigo ila kwa miaka inakuja kuwa chini ya kusafisha damu, nchi nyingi zimeona hivyo, lakini dawa za kuzuia mwili usikatae figo ni za maisha yote nazo zinaingia kapu la ugonjwa sugu. Kuhusu vipimo na upasuaji wa mtoaji figo, jibu lao ni kwamba mtoaji sio mwanachama, hivyo havilipwi. Hivyo tunavitafuta wenyewe.

Mwajiri ameongeza mchango, kapu limepanda kutoka 40 hadi 50. Limiti kuu imebaki 100. Kwa 1.52 kwa wiki, 50 inampeleka dada wiki 32 na siku chache. Nimebandika kalenda mlangoni kwake nimezungushia wiki ya 32 kwa kalamu nyekundu, na kila mwezi familia tunaweka pembeni ya zile 20 zinazofuata. Leo tuko wiki ya 5, hajaruka kipindi.